Nyumba Iliyotiwa Kwenye Viroba

Ukitaka kumkasirisha Bernadina Ndaki, mwambie anakaa kwenye nyumba ya Mhindi. Jaribu uone. Ataweka chini chochote alichoshika, hata kama ni kuku wa kuchinja, na atakukazia macho mpaka ujute kufungua kinywa. "Ya Mhindi?" atakuuliza. "Mhindi alikanyaga udongo? Mhindi alibeba tofali kichwani? Hebu nitajie, bebe wewe, ni Mhindi gani uliyemwona amepanda ngazi na mwiko mkononi?"

Watu wa Bulambila, kijiji cha pamba na dhahabu upande wa Segese, walishamzoea. Walisema huyu mama hasira zake nyingine si zake, anakasirika kwa niaba ya marehemu. Na ni kweli. Baba yake, mzee Ndaki, alikuwa mmoja wa vijana waliofyatua tofali za nyumba ile kwa udongo wa kichuguu na kuzichoma, wakati Ishwarlal alipofungua shamba lake la pamba kabla ya uhuru. Mama yake alipiga deki sebule ile miaka yote ya Ishwarlal, na hakuwahi kuketi humo hata siku moja. Alikuwa anaingilia mlango wa nyuma na kutokea mlango wa nyuma.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Baraza pana ilizunguka pande tatu, imeshikwa na nguzo nene ambazo watu wawili wangezikumbatia kwa shida. Kuta zilikuwa na unene wa dhiraa nzima. Dari iliwekwa juu sana, na chini kidogo ya paa yaliachwa matundu ya kutolea joto, hivyo mwezi wa kumi, wakati sisi wenye nyumba za bati tunaokwa kama mikate, sebuleni kwa Bernadina ungeweza kujifunika khanga. Vigae vyake vyekundu vilikuja kwa treni mpaka Shinyanga, kisha kwa lori.

Lakini upande wa magharibi palikuwa na dirisha la mizani. Hapo ndipo wakulima walipoleta pamba yao kupimwa. Karani alikaa ndani kivulini, mkulima akasimama nje, jua la alasiri likimchoma kisogoni. Na dirisha lenyewe lilikuwa dogo, limewekwa chini, usawa wa kiuno, kiasi kwamba mtu mzima hawezi kusema na karani bila kuinama. Msidhani fundi alikosea. Mzee Ndaki alikuwepo fundi alipouliza liwe juu kiasi gani, na Ishwarlal akagusa mshipi wake akasema, "Hapa."

Basi watu walimuuliza Bernadina: kama nyumba ilimdhalilisha baba yako hivyo, unaing'ang'ania ya nini? Alikuwa na jibu moja. "Dharau ilikuwa ya Ishwarlal, na aliondoka nayo. Tofali ni za baba."

Ishwarlal aliondoka shamba lilipotaifishwa, akaenda kufungua duka mjini Shinyanga. Ushirika ukaigeuza nyumba kuwa stoo ya pamba. Ushirika nao ukafa, popo wakahamia. Bernadina alikuwa mjane kijana wakati huo, ana binti yake Noela, na ana Athanas, mtoto wa mdogo wake aliyefariki kwa uzazi. Aliomba kwenye mkutano wa kijiji apewe nyumba ile. Watu walicheka. Mwishowe wakasema haya, ikae, ni yako mpaka kufa kwako, ila kwa sharti moja: siku utakapoiacha ianguke, kijiji kinaichukua. Siku aliyohamia alipita mlango wa mbele, akaketi sakafuni katikati ya sebule, akanyoosha miguu, akalia mpaka akachoka.

Aliwahi kuja Pinky, mjukuu wa Ishwarlal, mwenye duka la vitambaa mjini, akapiga picha kila pembe kwa simu yake. "Babu aliijenga kwa mikono yake," akasema kwa furaha. Yesu na Maria! Bernadina alimshika mkono, akampeleka nje ya dirisha la mizani, akamwambia, "Simama hapo. Sasa zungumza na mimi." Yeye mwenyewe akazunguka akakaa ndani. Yule binti akainama, jua likimpiga. Kisha akasema, "Pole, mama. Hili hatukuambiwa." Hasira zikashuka. Bernadina akasonga ugali, akaweka mlenda, wakala wote wawili sebuleni, na tangu hapo kila Krismasi Pinky alimtumia khanga. Kwa hiyo msiseme Bernadina hajui kusamehe. Anajua. Ila lazima kwanza uiname.

Sasa sikilizeni lilipoanzia balaa.

Masika moja mvua ilinyesha kama imetumwa, na plasta ya jikoni, ambayo ndiyo iliyokuwa inapigwa sana na maji, ikavimba na kumwagika. Bernadina akaogopa. Ukuta ukianza kuanguka, kijiji kina sharti lake. Mchanga wa mto uko mbali na unauzwa. Lakini Bulambila mchanga mwingine umejaa tele, ule wa marudio, yaani masalia ya mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Umerundikwa kando ya kila mwalo, pale wanapooshea, na nusu ya nyumba za kijiji zimepigwa plasta kwa huo, maana mwenye mwalo anafurahi ukimpunguzia. Athanas alikuwa na mkokoteni wa ng'ombe wakati huo. Akaenda mwaloni, akamletea mama yake mkubwa tela mbili zilizojaa, akazimwaga uani. Klara, rafiki yake Bernadina, yule anayepika chakula cha wachimbaji njia panda, alivua viatu akasaidia kukanyaga ule mchanganyiko. Walifanya kazi wakiimba. Ukuta ukapona, ukawa laini kuliko ulivyokuwa kwa Ishwarlal.

Athanas akauza ng'ombe, akauza mkokoteni, akaenda machimbo ya Rwamgasa kutafuta utajiri. Alikaa huko misimu kadhaa. Alirudi na jaketi la ngozi, simu yenye kioo kilichopasuka na maneno mengi. Bernadina alimpokea kwa matusi na chai, kama kawaida yake, akamtandikia jikoni kwa kuwa ndiko kunakopigwa na jua. Athanas tangu utotoni alikuwa na kifua kibovu. Moshi kidogo tu, anakohoa mpaka macho yanamtoka. Kwa ajili ya kifua kile Bernadina alihamishia meko nje ya nyumba, akapikia juani miaka na miaka.

Mchimbaji ni mchimbaji, hata akilala haachi kuangalia mawe. Athanas alikaa pale jikoni akaona ukuta unametameta palipopigwa na jua la dirishani. Akakwangua, akaosha kwenye karai, akaona mkia wa njano wa dhahabu umekaa chini. Angalau angemuuliza mwenye nyumba! Hakumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Sostenes, akamwambia kuta za nyumba ya Mhindi zinasoma, yaani zina dhahabu. Wakati wa jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Ishwarlal alijenga kwa udongo wa dhahabu bila kujua, na kesho yake watu wa Rwamgasa, wenzake Athanas, waliingia na lori lenye karasha ya kusagia mawe, nyundo kubwa na marundo ya viroba vitupu.

Bernadina alikuwa anapepeta mpunga barazani alipoona lori linasimama. Sostenes akashuka, akasalimia vizuri, akasema kijiji kimekaa na kuona kwamba hii nyumba ni mali ya chini ya ardhi iliyosimama juu. Kuta zitabomolewa na kusagwa. Yeye mama, kama mwenye eneo, atapata mgawo wake wa viroba, kama wanavyopata wenye mashamba.

"Mgawo wa nini?"

"Wa nyumba, Mama Noela."

"Unigawie nyumba yangu kwenye kiroba!" Ungo ulitupwa kule, mpunga ukamwagika. "Sostenes, mimi nimekuona unatambaa bila nguo mbele ya baraza hii. Leo unaniletea kiroba?"

Alimtafuta Athanas kwa macho akamwona nyuma ya lori. Akamfuata. Alipoambiwa kwamba ni jikoni palipopimwa, alisimama kwanza, kisha akapiga makofi ya mshangao.

"Jikoni! Athanas, mchanga ule uliuleta wewe. Kwa mkokoteni wako! Marudio ya mwaloni, umeyaleta mwenyewe, umeyamwaga mwenyewe, leo unayaosha unashangilia dhahabu! Klara shahidi, aliukanyaga."

Uso wa Athanas ulibadilika. Alikuwa amesahau kabisa. Bernadina aliona jinsi kumbukumbu ilivyomrudia, kuanzia machoni mpaka shingoni, na akafurahi, akidhani mambo yamekwisha. Lakini watu wa Rwamgasa walikuwa wamesogea karibu wanasikiliza. Walikuwa wametoka mbali na mashine, kwa neno la Athanas tu. Mmoja wao, jamaa mwenye mabega anayeitwa Herman, akamuuliza polepole, "Athanas, ni kweli anayosema bi mkubwa?"

Athanas akajichekesha. "Mzee huyu anataka kubaki nayo peke yake."

Damu ilimchemka Bernadina, lakini akili haikumtoka. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya. Mpime ukuta mwingine. Ukuta wa sebule haujaguswa tangu enzi za Ishwarlal, plasta ni ile ile ya mchanga wa mto. Ukisoma, nyumba chukueni. Usiposoma, pakieni mashine yenu." Herman akasema hiyo ni haki. Sostenes akasema ni haki. Watu wakajaa barazani.

Wakakwangua sebuleni mbele ya macho ya wote, wakatwanga, Athanas akapewa karai aoshe kwa kuwa mkono wake unasifika. Alichuchumaa kwenye beseni la maji. Akaanza kuzungusha karai, maji yakitoa mchanga kidogo kidogo. Kisha akasimamisha mkono, akatoa sigara mfukoni, akaiwasha.

Bernadina alimtazama. Athanas havuti sigara. Hajawahi. Hawezi.

Alivuta kidogo tu, macho yakamjaa machozi, akajikaza asikohoe, akainama tena kwenye karai na sigara ikining'inia mdomoni. Majivu yakaangukia majini. Wachimbaji hawakuliona hilo, maana kwao mtu kuvuta sigara akiosha ni jambo la kila siku. Lakini hakuna mwanamke aliyeuza chakula au pombe mwaloni asiyeijua hila ile: unga wa dhahabu unachanganywa kwenye tumbaku, unaangukia karai pamoja na majivu, na mawe maskini yanageuka tajiri. Bernadina mwenyewe aliwahi kuuza uji mwaloni. Alimwona mtu aliyekamatwa kwa hila hiyo. Alimwona alivyokuwa kabla na alivyokuwa baada ya dakika chache, wakati hata ndugu zake walipomtambua kwa mkanda wa suruali.

Aliruka akamshika Athanas kifundo cha mkono. Alikibana kwa nguvu zote. Mdomo ulishafunguka, neno lilishafika kwenye ulimi, na Herman akageuka kumtazama.

Athanas akanong'ona bila kuinua kichwa, "Mama mkubwa, wataniua."

Nataka mjue kwamba mwanamke huyu hakuwahi maishani mwake kumeza neno. Alimjibu padri kanisani, alimjibu bwana shamba, alimjibu mumewe akiwa kitandani mgonjwa. Neno lile moja lingeokoa nyumba. Alikitazama kichwa cha Athanas, kile kisogo alichokinyoa kwa wembe mara zisizo na hesabu, na alimchukia. Ndiyo, alimchukia, asitokee mtu hapa akatuambia mapenzi ya mama. Alimchukia hivyo hivyo, na akauachia mkono.

"Inasoma!" mtu akapiga kelele juu ya karai.

"Bomoeni," Bernadina akasema, akaingia ndani kutoa kitanda.

Walianza na jikoni. Jikoni palitoa dhahabu kidogo kweli, ile ya marudio, na hiyo ikawapandisha wazimu. Wakapanda juu wakashusha vigae, vingine wakavitupa tu vikavunjika. Wakang'oa mlango wa mbele. Wakapiga nguzo za baraza kwa nyundo, nazo zikagoma siku nzima, na Bernadina akiwa ameketi kwenye kitanda chake chini ya mti wa mnyaa alikuwa anasema kwa sauti kila nyundo iliporuka, "Mnaona? Hiyo ni kazi ya Ndaki. Pigeni tena!" Kuta zikalala. Tofali zikasagwa, plasta ikasagwa, vikatiwa kwenye viroba, viroba vikapangwa kwa mistari shambani. Sebule nzima, ile ambayo mama yake hakuwahi kuketi, ukiitafuta unaambiwa ni ule mstari wa kulia. Bernadina alilia kwa hasira, na kila aliyemletea pole alimfukuza.

Kisha wakaosha. Viroba vya sebule, hakuna kitu. Vya chumba cha kwanza, hakuna. Wakaongeza zebaki, wakabadilisha maji, wakamlaumu mwosha, wakabadilisha mwosha. Hakuna. Nyumba ilibaki vyumba viwili vya nyuma na kipande cha baraza upande wa mizani, na karasha ikazimwa, na watu wakaanza kutazamana.

Mahali pengine wangesema tumekosea. Machimboni hapana. Machimboni kila mtu anajua kwamba dhahabu ina roho nyepesi, ikichukizwa inahama, na ikifungwa na mtu mwenye dawa haionekani hata ukiishika. Jikoni ilikuwepo, sivyo? Sebuleni ilisoma, sivyo? Sasa imekwenda wapi? Na nani ameketi pale chini ya mnyaa tangu siku ya kwanza anaongea peke yake kila nyundo inapopigwa?

Walimjia mchana, kundi zima, Sostenes mbele na Herman kando yake. Klara alikimbia akawahi kumshika bega. "Mama Noela, ondoka. Panda bodaboda uende mjini kwa Noela, kule Ngokolo. Unajua wanalotaka kusema." Bernadina alijua. Usukumani hapa mwanamke akizeeka na macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, inatosha kuitwa mchawi. Yeye alikuwa amepikia nje miaka yote, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya wengine.

"Mayu," Sostenes akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "watu wanauliza. Je, umeifunga?"

Bernadina alikuwa anamtazama Athanas, aliyesimama katikati ya wenzake na jaketi lake. Alimsubiri. Nyumba alikwishampa. Sasa ilikuwa zamu yake yeye kusema jambo dogo tu: kwamba haikuwepo dhahabu, kwamba mchanga ulikuwa wa mwaloni. Hata angesema amekosea kupima, ingetosha, na wala asingetaja sigara.

Herman akageuka. "Athanas, huyu ni mama yako. Ana dawa, hana?"

Athanas akatazama viatu vyake. "Mimi sijui," akasema. "Mambo ya wazee hayo."

Basi hapo hasira zote za Bernadina, za dirishani na za mlango wa nyuma na za kiroba, zikakutana. Alisimama juu ya kitanda. Ndiyo, alipanda juu ya kitanda, mzee yule, akafungua kilemba akakitupa.

"Nimeifunga!" akapaza sauti. "Mimi, Bernadina binti Ndaki! Nimeifunga kwa jina la waliofyatua tofali hizi, na funguo ninazo tumboni. Vyumba vilivyobaki vimo ndani ya fundo. Atakayegusa tofali moja, tumbo lake litajaa mchanga! Nani anaanza? Sostenes? Herman, lete nyundo! Njoo, baba, njoo uguse!"

Nyundo ikadondoka. Hakuna aliyejua ni ya nani. Halafu likawa guu mosi guu pili, watu wakatawanyika kwenye mashamba ya pamba, kandambili zikabaki njiani, dereva wa lori akaondoka na karasha bila kufunga kamba. Na aliyekuwa mbele ya wote, jaketi likipepea, akikohoa na kukimbia, akikohoa na kukimbia, alikuwa Athanas, mtu pekee kati yao aliyejua kwa hakika kwamba hapakuwa na kitu cha kufunga.

Bernadina alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana alimwona hageuki nyuma.

Vyumba viwili vimesimama mpaka leo. Amevirudishia vigae alivyookota, na hakuna wa kijijini anayethubutu kulitaja lile sharti. Watu wakipita hutazama upande mwingine, na wale waliokuwa wanamsalimu kwa mbali sasa hawamsalimu kabisa. Yeye huwatukana hivyo hivyo wakipita, ili wasidhani amenyamaza.

Asubuhi iliyofuata baada ya zile mbio, Klara alileta uji. Aliishia pale palipokuwa na ngazi za baraza, akaweka bakuli juu ya tofali, akarudi nyuma.

"Ingia ndani," Bernadina akamwambia. "Klara, wewe unajua mchanga ule ulitoka wapi. Uliukanyaga kwa miguu yako."

"Najua, Mama Noela. Niliukanyaga." Klara alikuwa anajifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Lakini ulivyosema jana... Sitaingia, dada. Watoto wangu bado wadogo."

Bernadina alikuwa na tusi kwa kila mtu Bulambila. Kwa hilo alitafuta, akakosa. Alisubiri Klara afike mbali, ndipo akatoka kuchukua bakuli.